Kuachwa kwenye Mataa

Nilikuwa hapo mataa ya Buguruni,
nasubiri magari yasimame nivuke,
ndipo ujumbe ulipoingia:
*Kifaa hiki hakitapokea masasisho tena.
Asante kwa kuwa nasi.*

Asante!
Kama mume anayekuacha kwa barua
na chini anaandika wasalaam.

Simu yenyewe nzima.
Niliinunua mwaka ule vitunguu vilipopanda,
laki mbili na themanini, kava nikapewa bure.
Imezama kwenye ndoo ya uji,
ikalala ndani ya mchele siku tatu, ikaamka.
Kioo kina ufa unaopinda kama Msimbazi,
lakini chaji inashika, tochi inawaka,
na Mama Nsia akinipigia kutoka Vingunguti
namsikia mpaka anavyotafuna.

Ijumaa programu ya benki ikagoma kufunguka.
Mle ndimo ilimo hesabu ya kikoba:
wanawake kumi na tisa, hisa zao, mikopo yao,
na faini ya Sikujua, ambayo Sikujua anaikana.
*Toleo lako ni la zamani. Sasisha.*
Nikabonyeza.
*Kifaa chako hakiwezi kusasishwa.*
Nikarudi. Sasisha. Hakiwezi. Sasisha.
Huyu ananituma kwa yule, yule ananirudisha kwa huyu,
nikadhani niko ofisi ya ardhi.

Kinyogoli, fundi wa Mtaa wa Aggrey,
aliifungua mgongo, akaipuliza,
akaichungulia kwa ile lenzi yake ya jicho moja.
"Mama, hapa hakuna ugonjwa.
Betri nzima, bodi safi.
Hii haijafa. Imeachwa."
"Na nani?"
Akaelekeza bisibisi darini,
kana kwamba waliotuacha wamepanga ghorofa ya pili.

Mimi nina mizani ya baba, ya chuma, ya mawe.
Kila mwaka wakaguzi wa vipimo wanakuja,
wanapanga mawe yao, wanainama, wanakuna kichwa,
wanagonga mhuri.
Mmoja aliwahi kuiambia shikamoo,
maana imemzidi umri.
Hakusema kilo imebadilika, mama, katafute mizani mpya.
Kilo ni kilo.
Sasa niambieni,
hii simu imempunja nani?

Kinyogoli akanong'ona kuna dawa ya pembeni.
Kuna vijana, hajui wa nchi gani, usiku hawalali,
wanazishonea simu zilizoachwa roho nyingine,
wala hawadai senti.
Nikasema, shona.
Ikachukua kutwa nzima. Ikazima, nami nikazima nayo.
Ikawaka na alama nisiyoijua,
nyepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.
Nikacheka peke yangu, wateja wa kava wakanitazama.

Halafu benki ikaikagua mlangoni,
ikasema: *Simu hii si salama.*
Jana kikongwe, leo mwizi.

Basi.
Dada wa benki akanichapia taarifa, karatasi kumi na moja,
na kila karatasi wakakata chao.
Nikanunua daftari la kaunta, lile gumu,
nikakaa nalo sakafuni mpaka mbu wakanizoea.
Mwajabu, hisa tano.
Tatu, hisa mbili, mkopo wa cherehani.
Sikujua, faini elfu mbili,
nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mpya sikununua.
Laki nne, halafu baada ya miaka mitatu
niachwe tena kwenye mataa mengine?
Labda nitanunua. Wanachama wameanza kuguna,
Mama Nsia anasema daftari haliwezi kutuma risiti.
Ana haki yake.

Lakini leo usiku iko hapa, chini ya mto,
ufa wake umenigusa shavu.
Saa kumi alfajiri itatetemeka,
niwahi malori ya vitunguu.
Hakuna aliyeiambia bado kwamba kazi imekwisha.
Na mimi siiambii.